Mume Wangu Fundi na Pikapu ya Mama

Kazi yangu ni kusema maneno ya watu wengine. Mimi ni mkalimani wa Kimaragoli mahakamani, hapa Kakamega. Shahidi akisema "aliniita mwizi," mimi nasema "aliniita mwizi." Sisemi "hawakuelewana." Nikipunguza neno wakili anasimama, nikiongeza neno hakimu ananitazama juu ya miwani. Miaka kumi na minne sijaandikiwa barua ya onyo hata moja. Nayasema haya mapema ili mjue kwamba nilichokifanya nyumbani kwangu sikukifanya kwa kutojua.

Mume wangu anaitwa Wandera, ama Baba Cornelius kwa jina la mtoto wetu. Ni fundi wa magari, na si fundi wa kubahatisha. Ni Msamia wa Funyula. Alisomea magari katika chuo cha ufundi cha Sigalagala, akakaa miaka mitatu akiwashikia wengine spana, kisha akafungua gereji yake mwisho wa mji, upande wa barabara ya kwenda Kisumu. Ni mabati, kontena moja la kufungia vifaa, na shimo la kuingilia chini ya gari ambalo alilichimba kwa mikono yake. Ana tabia zake. Hashiki injini kabla ya kuisikiliza. Anaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye chuma na mpini kwenye sikio, anafumba macho, na ukimwongelesha wakati huo umejisumbua bure. Akipima kitu anaandika kwa chaki upande wa ndani wa boneti, tarehe na namba, ili gari likirudi asiulize mtu, asome mwenyewe. Maneno yake ni machache. Nilimpenda kwa hilo, maana mimi hutoka kazini maneno yamenifika hapa shingoni.

Mama yangu ni Mwalimu Mildred wa Matete. Alifundisha shule ya msingi miaka thelathini na minne, na hata leo akiingia dukani watu wazima wenye ndevu wananyoosha mgongo. Nilipomwambia nimepata mchumba, fundi wa gereji, aliuliza swali moja tu: "Anaoganga saa ngapi?" Alitaka mkwe wa ofisini. Wandera alijua hivyo bila kuambiwa, na tangu siku ile kitu alichokitaka kwa huyo mama ni kimoja: amwone kuwa ni mtu anayejua kazi yake. Hakutaka kupendwa. Alitaka hilo tu.

Asiye wa huku lazima nimweleze kidogo. Kwetu mkwe na mama mkwe hawashikani mikono. Hawakai chumba kimoja, hawali meza moja, hawapandi gari moja, na wakikutana njiani mmoja anapisha kwenye majani. Si ugomvi, ni heshima. Mjini wengi wameacha. Nimeona wakwe wakipiga picha na mama wakwe zao kwenye harusi, wamekumbatiana, meno nje. Lakini Mama ni mtu wa zamani, na Wandera anaogopa kukosea, kwa hiyo miaka kumi na moja ya ndoa yetu hao wawili hawajawahi kuongea ana kwa ana. Kila kitu kinapitia kwangu. Mama ananiambia kwa Kimaragoli, mimi namwambia Wandera kwa Kiswahili, kwa sababu Kimaragoli chake kinaishia kwenye salamu na kuomba ugali.

Na mimi, ndiyo, nilikuwa nayapunguza. Mama akisema, "Hiyo gereji ya mume wako ni chafu, hata ng'ombe angekataa," mimi nilimwambia Wandera, "Mama anasema pole na kazi." Wandera akisema, "Mwambie mama yako Jumapili sina nafasi," mimi nilimwambia Mama, "Anasema atajitahidi." Nyumba yangu ilikuwa na amani, kila mtu alimsifu mwenzake bila kujua, na mimi katikati nilijiona mwerevu sana.

Sasa ikaja pikapu.

Mama alipostaafu alianza kufuga kuku wa mayai, na kuku walipokuwa wengi akanunua pikapu nyeupe ya petroli kutoka kwa kijana mmoja wa Eldoret anayeitwa Kipyegon. Huyo Kipyegon alikuwa ameipamba kwa namna yake. Alitoa lile sanduku jeusi la kuvutia hewa ambalo gari hutoka nalo kiwandani, akaweka paipu nene ya kung'aa na filta nyekundu iliyo wazi, imechongoka kama pia. Gari lililofungwa hivyo ukikanyaga mafuta linanguruma. Mama, mwenye miaka sitini na mitatu, mzee wa kanisa, aliupenda ule mngurumo kuliko alivyotaka kukiri. "Boda boda wananipisha," aliniambia, akageuka upande ili nisione anavyotabasamu. Wandera alipotuma neno kwamba afadhali lile sanduku la zamani litafutwe lirudishwe, jibu lilikuwa hapana. Hilo nililifikisha vile vile, maana halikuwa na tusi ndani.

Wandera alinieleza shida ya hiyo filta akiwa mezani, kijiko kikiwa ndiyo injini na chumvi ndiyo petroli. Hewa ikiwa nyingi inataka petroli nyingi. Gari lina kifaa kinachopima hewa inayoingia, na kompyuta inatoa petroli kwa kufuata kipimo hicho. Ukibadilisha paipu ukaweka nene, kile kifaa kinadanganyika: hewa imeingia nyingi, chenyewe kinasema ni kidogo, basi petroli inatoka kidogo, na injini inabaki na kiu. Ndiyo maana Kipyegon alikuwa ameongeza regyuleta ya kurekebishia presha ya petroli. Ni kidude cha chuma chenye skrubu kichwani. Ukikaza skrubu presha inapanda, injini inanyweshwa zaidi. Ukilegeza inashuka.

"Lakini hapo ndipo mafundi wengi wanapopotea," alisema. "Injini yenye kiu inalegea mlimani. Na injini iliyozama kwa petroli nayo inalegea mlimani. Mtu akikuambia tu gari linalegea, bado hajakuambia kitu. Lazima umuulize."

Nilisikia vizuri kabisa. Nilikuwa nimekaa pale pale, na sahani mkononi.

Mara ya kwanza Mama alileta pikapu kwa sababu ilikuwa inakohoa akikanyaga mafuta. Alivyoileta ndivyo alivyoendelea kuileta siku zote. Aliegesha kando ya uzio, akatundika ufunguo kwenye msumari wa kontena, akaenda zake kunywa chai kwa Kulthum, mama wa Mumias mwenye hoteli karibu na soko, ambaye pia ndiye mnunuzi wake mkubwa wa mayai. Wakati huo Wandera alikuwa amejibanza nyuma ya kontena. Mama alipopotea kwenye kona ndipo alipotoka. Wateja wake waliozoea wala hawacheki tena.

Aliunga geji yake, akachomoa ule mpira mwembamba unaoenda kwenye regyuleta, akauziba, maana alisema ukipima mpira ukiwa umeungwa unapata namba ya uongo. Presha ilikuwa chini. Kwa gari lile, na filta ile, yeye mwenyewe alijua namba ya haki ni arobaini na tatu. Lakini hili lilikuwa gari la mama mkwe. Mama mkwe humpimii kama mtu wa kawaida. Ukimkaribisha kwa ingokho, kuku wetu wa wageni, unamwekea paja na juu yake unaongeza. Basi Wandera wangu, fundi asiyebahatisha, akaongeza tatu za heshima. Akaandika kwa chaki: 46.

Baada ya wiki Mama akanipigia simu. "Mwambie amezidisha," alisema. "Gari linanuka petroli, moshi unaingia chini ya turubai pamoja na mayai, na kwenye kilima cha kabla ya Malava linalegea. Mwambie huyo ni fundi wa kuharibu."

Nilikaa na simu mkononi. Kupitia dirisha la ofisi niliona mawakili wakinunua njugu, na nikawa najiuliza ni kipi cha kubeba na kipi cha kuacha. Jioni nikamwambia Wandera, "Mama anashukuru. Anasema tu kwenye kilima cha Malava linalegea kidogo."

Haikuwa uongo, ona. Kila neno hapo lilikuwa la kwake isipokuwa shukrani. Niliacha harufu, nikaacha lile la kuharibu, nikachukua kilima kwa sababu kilima hakina lawama kwa mtu.

Pikapu ikarudi. Wandera akafungua plagi, akakuta zimekuwa nyeusi, zina masizi. Nilikuwa nimepita pale nikitoka kazini. Alizipanga nne juu ya gunia, akazitazama muda mrefu. "Hizi zinaniambia petroli imezidi," alisema. "Mama anasema halina nguvu. Hakusema lolote kuhusu harufu?"

Ukweli ni kwamba pua ya Wandera ilikufa zamani. Miaka kumi na minane ndani ya petroli, hawezi kunusa hata ndoo yake wazi. Mashati yake nayanusa mimi. Alikuwa ananiuliza kwa sababu alihitaji pua ya mtu mwingine.

Nikasema, "Hakusema."

Hapo sasa nilidanganya, na siwezi kulipamba. Nilikuwa nimeshapunguza, na mtu akishapunguza mara moja hana njia ya kurudi bila kujitaja. Akasafisha zile plagi. Akasema labda ni mwendo wa Mama, anaendesha polepole kwa gia kubwa, plagi za mwendo huo hupata masizi. Akanituma nimuulize anapanda kilima kwa gia gani. Niliogopa Mama atasema anafundishwa kuendesha, kwa hiyo nikamuuliza, "Baba Cornelius anauliza kama uko salama njiani." Mama akasema yuko salama. Nikamwambia Wandera, "Anasema gia ya tatu." Nilibuni tu, kwa sababu mimi mwenyewe hupanda pale kwa gia ya tatu.

Kati ya macho yake na neno la mama mkwe, Wandera akachagua neno la mama mkwe. Mtu mzima hawezi kusema jambo lisilokuwepo, alisema. Akakaza skrubu. Chaki: 50. Na mara ya tatu, baada ya simu nyingine na ukalimani wangu mwingine, 54.

Wiki iliyofuata Kulthum alimrudishia Mama mayai. Nilikuwepo. Mama aliingia pale hotelini na "Hamjambo," Kulthum akamwitikia vizuri, akamuuliza hali ya kuku na ya watoto, akamletea chai, na chai ilipofika nusu ndipo akasema, kwa sauti ya chini, "Mwalimu, uniwie radhi. Wateja wangu wanasema mayai yana harufu ya petroli. Nimenusa mwenyewe, wallahi ni kweli. Yai linashika harufu haraka sana."

Mama alimaliza chai. Tulipotoka nje alikuwa na macho makavu, na mimi nawajua wanawake wa kwetu, macho makavu ndiyo ya kuogopa. Akaniambia kwa Kimaragoli, "Ijumaa naipeleka Kisumu. Na hili mwambie kama lilivyo."

Kwenda Kisumu kutoka Matete lazima upite mbele ya gereji ya Wandera. Hakuna njia nyingine ya lami. Mafundi wote wa ile barabara wanaijua pikapu ya mama mkwe wa Wandera, wanaujua hata mngurumo wake. Siku ikipita pale bila kusimama, ikielekea Kisumu kwa fundi mwingine, Wandera atakuwa ameandikwa paji la uso kwamba mama wa mke wake hamwamini. Hakuna atakayesema kitu. Watainama tu kwenye kazi zao.

Hilo nililifikisha. Ndilo neno pekee nililofikisha zima, na ndilo lililoumiza kuliko yote.

Wandera alisukuma sahani. Akasema, "Nataka jambo moja kwake, na baadaye aende Kisumu akitaka. Nataka kuona geji wakati anaendesha yeye, kilima kile, mzigo ukiwemo. Kama sindano inaanguka mlimani, pampu imechoka, kosa si langu. Isipoanguka, basi mimi sijui kazi."

"Hamwezi kupanda gari moja," nilimwambia.

"Wewe utakaa mbele. Mimi nitakaa nyuma, kwenye mzigo."

Mama alifikiria siku nzima juu ya hilo. Mwishoni akatoa hukumu: nyuma ya pikapu si ndani ya gari, ni nje. Lakini awe amempa mgongo.

Alhamisi mchana basi, Mama akiwa amepakia magunia ya chakula cha kuku ya kurudi nayo Matete, mume wangu alipitisha mpira wa geji kutoka chini ya boneti, akaibandika geji kwa utepe wa gundi juu ya kioo cha mbele, kwa nje, ikitutazama sisi wa ndani. Kisha akasubiri Mama akae kwenye usukani, akazunguka mbali kupitia kwenye majani, akapanda juu ya magunia, akatupa mgongo. Kidirisha cha kioo cha nyuma kilikuwa wazi ili anisikie. Watu wa gereji walisimama kutuangalia kana kwamba tunaondoka na maiti.

Tukaondoka. Mama aliniongelesha Kimaragoli njia nzima, habari za kanisa, habari za mvua, kama vile hakuna mtu nyuma. Mimi nilikuwa nasoma namba kwa sauti. Arobaini na tano. Arobaini na nane. Kilima kikaanza. Filta ikanguruma, Mama akakanyaga, na gari badala ya kuvuta likaanza kutetemeka, moshi ukajaa nyuma.

"Sindano?" Wandera akauliza.

"Hamsini na nne."

"Na sasa?"

"Hamsini na nne. Haianguki."

Nilijua maana yake. Pampu ilikuwa nzima. Petroli haikupungua hata kidogo. Mtu aliyesema "isipoanguka, mimi sijui kazi" alikuwa amekaa juu ya magunia nyuma yangu, na nilikuwa namsikia anavyopumua.

Mama alitazama kioo cha juu mara moja, haraka, akaona mgongo ule. Akashusha gia. Ilikuwa gia ya pili. Hajawahi kupanda pale kwa tatu. Kisha akahamia Kiswahili, kile cha darasani, kila silabi imesimama peke yake.

"Mideva. Huyu anatafuta petroli iliyopungua. Mara ya kwanza nilikuambia gari linanuka petroli. Nilikuambia umwambie amezidisha. Mara ya pili nikakuambia. Sasa mpaka mayai yananuka. Ulimwambia?"

Mahakamani shahidi akinyamaza, mimi nami nanyamaza, na hakuna anayenilaumu. Pale shahidi nilikuwa mimi mwenyewe.

Wandera akagonga paa mara mbili. Mama akasimamisha gari kando ya barabara. Nilisikia Wandera anaruka, nikaona anaweka mawe nyuma ya magurudumu, akazungukia upande wa mtaro, uso ameugeuzia mashamba ya miwa. Akafungua boneti akaisimamisha. Na hapo ile boneti ikawa ukuta. Mama yuko kwenye kiti, haoni ila bati jeupe. Wandera yuko mbele ya injini, anaona namba zake tu za chaki, 46, 50, 54. Mimi niliteremka nikasimama ubavuni, pembeni ya gurudumu, na mimi peke yangu nilikuwa nawaona wote wawili.

"Muulize Mama harufu ilianza lini," Wandera akasema.

Alisema kwa sauti ambayo Mama aliisikia vizuri. Lakini Mama hakujibu. Alinitazama tu. Nikaelewa wananisubiri.

"Mama, anauliza harufu ilianza lini."

"Mwambie siku ile ile ya kwanza, kabla sijafika hapa."

"Anasema siku ile ile ya kwanza, kabla hajafika hapa."

Kiswahili kwa Kiswahili, hatua mbili kutoka kinywa hadi sikio. Mwenye boda boda aliyepita alipunguza mwendo akatushangaa.

"Muulize alisema niambiwe nini. Neno kwa neno."

"Wandera, hilo tutaongea nyumbani," nikasema.

"Mwambie," Mama akasema.

Nikaishika mikono yangu pamoja kama ninavyoishika siku ya kusoma maneno ya kesi mbaya. "Alisema umezidisha petroli. Alisema linanuka na moshi unaingia kwenye mayai."

"Maliza," Mama akasema.

"Alisema wewe ni fundi wa kuharibu."

Nyuma ya boneti spana ilisimama. Nilimwona Wandera ameinamisha kichwa, mkono mmoja kwenye ile paipu ya kung'aa, hafanyi kitu. Nilitamani ardhi ifunguke. Kwa wiki zote zile nilijiambia namkinga na neno hili, na sasa nilikuwa nimempa mwenyewe, kwa sauti yangu, mama yangu akisikiliza.

Mama akaweka mikono yote miwili juu ya usukani. "Sasa mwambie hivi. Neno lile nililisema kwa hasira, nikafikiri limemfikia. Nilingoja akasirike, au alegeze hicho kidude, au anitumie jibu. Kila mara nililetewa salamu nzuri. Nikasema huyu mtu ananidharau, namwambia gari linanuka yeye anauliza kama niko salama njiani. Mwambie neno langu nalirudisha. Lakini ningelirudishaje na halikuwa limefika?"

Nikayabeba yote. Sikuacha hata "hicho kidude." 

Lori la miwa likapita, likatutikisa. Wandera akangoja lipotee. "Mwambie nimelipokea," akasema. "Na mwambie kosa la kwanza ni langu. Namba ya haki ilikuwa arobaini na tatu. Niliongeza tatu za heshima."

"Tatu za nini?" Mama akauliza.

Aliliuliza moja kwa moja, halikupitia kwangu, na papo hapo akafunika mdomo kwa kiganja. Nyuma ya boneti Wandera alikuwa amekaza midomo, mabega yanamcheza. Mimi sikutafsiri.

Wandera akaivuta geji kwake, akachomoa ule mpira mwembamba, akauziba, akaniomba nimwambie Mama awashe injini. Mama akajifanya hakusikia mpaka nilipomwambia, ndipo akawasha. Wandera akalegeza skrubu taratibu, robo kwa robo, kidole kwenye chuma, macho amefumba. Injini ikatulia. Hata mimi nilisikia. Akasimama kwenye arobaini na tatu bila nyongeza, akakaza nati, akarudisha mpira, akatoa geji. Mama akavuta hewa puani mara mbili, kama anavyonusa maziwa. "Mwambie imepungua," akasema. "Na mwambie kesho siendi Kisumu. Nitampelekea Kulthum mayai mapya, na gari nitamletea kila mwezi, alipime na lisipewe heshima."

Nikamwambia. Akatikisa kichwa kukubali, uso kwenye miwa.

Alifunga boneti akiwa ameshageuka, akaingia kwenye majani. Mama akaondoa gari. Lilipanda kile kilima likinguruma, moja kwa moja, bila kukohoa, na pikipiki mbili zikampisha. Tulilitazama mpaka likaishia kwenye msitu wa Malava.

Tukabaki kando ya barabara, mimi na viatu vyangu vya ofisini, yeye na kisanduku cha spana. Nilimwambia anisamehe. Nilimwambia nilitaka tu nyumba iwe na amani, na hata nilipokuwa nasema nilisikia jinsi neno hilo lilivyo jepesi.

Alijifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Miaka kumi na moja nimekuwa nikimheshimu mama fulani mpole, anayenishukuru kwa kila kitu," alisema. "Kumbe hayupo. Ulimtunga wewe. Na huyu mwenyewe, mwenye maneno yake, sijawahi kukutana naye mpaka leo. Mwanamke kama huyu ningeweza kumjibu, Mideva. Ningeweza hata kumpenda."

Nililia kidogo, na hakunizuia.

Kisha akaketi juu ya kisanduku cha spana, akanionyesha jiwe nikae. "Haya," akasema. "Anza na siku ulipompelekea habari zangu. Aliuliza nini?"

Nikakaa. Nikamwambia lile la kuoga. Nikamwambia la gereji na ng'ombe, akacheka. Nikamwambia alilolisema Mama siku ya kuzaliwa Cornelius. Hapo hakucheka, wala mimi sikulipunguza.